Neno Lisilo na Aini

Herufi ya kwanza kumtoroka ilikuwa n.

Barua iliingia mlangoni asubuhi pamoja na matangazo ya piza, nami nikaisoma nimesimama jikoni, mikono bado ina povu la sabuni. Mwandiko ulikuwa ule ule wa siku zote, umelala kidogo kulia, na Kiswahili kilikuwa chake safi cha Mombasa. "Leo nimekula dizi mbili," aliandika, "nikanywa chai, nikarudi kwenye ubeti wetu." Nilicheka peke yangu. Nilidhani ni mzaha wa kazi yetu. Siku ile ile nikamjibu: "Bwana Daktari, naona umekuwa mwandishi wa kale. Nawe umeanza kumeza n."

Barua iliyofuata haikugusa mzaha wangu. Ndani yake mlikuwa na "buzi" mmoja, na kulikuwa na "gazi" ambazo alikuwa ameteleza akishuka. Hapo sikucheka.

Tulikuwa wazee wawili katika mji mmoja tukibandikiana stempu. Mimi nilizaliwa Lamu, nikasomesha chuo cha Kurani cha wasichana mpaka magoti yalipokataa kukaa mkekani, kisha binti yangu, ambaye ni nesi, akanileta nikae naye Barking. Namshukuru Mungu kwa hilo kila ninapoamka. Chumba changu kina joto, msikiti naufikia kwa miguu, na mkaguzi wa tikiti hanidai kitu kwa sababu ya umri. Bwana Daktari alikuwa Mhindi wa Mombasa, wa dini yake ya Kihindu, aliyefundisha chuo kikuu hapa London na kustaafu, akafiwa na mkewe, akabaki na binti yake katika nyumba yao ya Harrow. Maisha yake yote aliyatia katika kuhariri tendi za kale na nyimbo za arusi, zile zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla watu wetu hawajazoea herufi za Kizungu. Masikio yake yalikuwa yamekufa, kwa hiyo simu haikutufaa. Kompyuta alisema inamuumiza macho. Basi tukawa tunaandikiana. Kwa miaka minne tulionana mara mbili tu, lakini barua zake zimejaza sanduku zima la viatu chini ya kitanda changu.

Kilichotukutanisha ni daftari. Nililitoa kwetu likiwa limefungwa kwa kanga, nalo lina utenzi mrefu wa binti wa mfalme aliyeolewa kwa siri na askari wa baba yake. Askari anaitwa vitani kabla ndoa haijatangazwa. Harudi. Mashahidi wawili wa ndoa wanakana mbele ya mfalme, na binti ana mimba. Mjini kwetu kila mtu aliuchukua kuwa ni hadithi ya wafalme wa zamani, na ukisomwa katika arusi wanawake walilia kisha wakala pilau. Nyumbani kwetu tulijua zaidi. Aliyeutunga ni mama yake nyanya yangu. Binti wa mfalme ni yeye mwenyewe. Na mtoto wa tumboni ni nyanya, aliyenilea.

Hilo sikumwandikia Bwana Daktari. Nilimpelekea nakala za kurasa zote, nikamwambia ni hadithi ya kale, naye akafurahi kama mtoto.

Ubeti wa mwisho ndio uliotuchukua miaka. Unasema hivi:

Akashika lake tama,
mlangoni akakoma,
asirejeze kusema,
akasalia na…

Kisha linakuja neno moja la herufi mbili za Kiarabu: dali yenye alama ya dhumma, wau yenye fatha, alama ya a. Basi. Anayejua maandishi yale ameshaona shida. Wazee wetu hawakuwa na alama ya nd. Dali moja ilibeba d na nd. Hawakutofautisha o na u; dhumma moja ilibeba zote mbili. Kwa hiyo neno lile ni dua. Au ni ndoa. Au ni doa. Mizani inakubali yote matatu na kina kinakubali yote matatu. Mwanamke yule alibaki mlangoni na maombi yake, au na ndoa yake ambayo Mungu anaijua, au na doa ambalo maji hayatoi.

Mimi nilimwandikia kwamba ni dua. Ndivyo nilivyosikia kutoka kwa nyanya, na tena "kusalia" ni kubaki na ni kusali pia, kwa hiyo mtunzi alikuwa akicheza na maneno. Alijibu kwa furaha ya mtu aliyepata wa kubishana naye. "Bi Mwalimu, hoja yako ni tamu, lakini dua ina aini. Mtunzi wako amesoma, anajua dua inavyoandikwa. Hiyo aini ameiacha barabarani alikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Aini ni ile herufi ya Kiarabu ya kooni, ambayo dua ya Kiarabu huwa nayo katikati.

"Aini ameiacha mwandishi," nilimjibu. "Mtunzi hakushika kalamu, alitoa kwa mdomo. Na mwandishi huyo huyo ameandika 'saa' bila aini mahali pawili, nenda kaangalie."

Alikwenda akaangalia. "Kweli, pawili," aliandika. "Lakini 'maana' ameiandika na aini yake. Mtu huyu ni mwizi wa siku moja moja."

Tulikuwa hivyo. Nilimpenda kwa sababu hakuwa na papara na hakupamba. Aliniandikia mara nyingi kwamba sisi si mafundi wa kupaka chokaa. Kazi ya mhariri ni kuandika kilichoandikwa, kusema kilichosikiwa, na kumtaja aliyesikia. Mengine msomaji atajaza mwenyewe.

Halafu akaniuliza swali. Liliingia katikati ya barua ndefu juu ya nyimbo za kumtoa bibi arusi ndani, kwa upole, kama mtu anayeuliza sukari ngapi. "Je, nyanya yako aliwahi kulitamka neno hili kwa namna nyingine yoyote, hata mara moja?"

Nilijibu kila kilichokuwamo katika barua ile. Nyimbo, tarehe ya kurudisha nakala za kurasa, hali ya magoti yangu. Swali lile nililiruka.

Kwa kuwa nilikuwa na jibu. Nilikuwa na miaka minane au tisa. Nyanya alikuwa uani akichambua mchele kwenye uteo, peke yake, akijisomea utenzi kwa sauti ya chini, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango natafuta kiatu. Mbele ya watu alisema dua daima, na alilivuta kidogo, dua-a, wanawake wakaitikia amina. Siku ile alisema doa. Alilisema wazi, d na o, na mikono yake haikusimama kuchambua. Kisha akaniona. Hakunikemea. Alisema, "Kiatu kiko chini ya kitanda, mjukuu wangu," na kweli kilikuwapo. Nimekuwa nikilibeba neno lile kwa miaka zaidi ya sitini. Likichapishwa, na aliyelisikia akatajwa, watu wa kwetu wa Lamu, wa Mombasa na wa hapa hapa Barking watajua linamhusu nani. Nyanya yangu angeitwa mtoto wa doa katika kitabu, naye yuko kaburini hawezi kujitetea.

Aliuliza tena katika barua iliyofuata, kwa maneno yale yale. Nikaruka tena. Akauliza mara ya tatu. Mara ya nne barua mbili ziliingia siku moja, bahasha mbili, na ndani yake barua moja: neno kwa neno, nukta kwa nukta, swali mahali pale pale.

Binti yangu alizikuta mezani aliporudi kazini. Alizisoma zote mbili akiwa bado na koti.

"Mama, huyu mzee ana nani nyumbani?"

"Ana binti yake. Kwa nini?"

"Zimeandikwa siku moja. Na hii 'dizi', na hii 'gazi', ameanza lini?"

"Ni mzaha wetu."

"Mama." Alikaa. Katika wodi yake wamo wazee wa namna hiyo; anawalisha na kuwakumbusha majina ya wake zao. "Mtu akianza kuuliza swali moja mara mbili kwa siku, si mzaha. Mwandikie binti yake, au nimpigie mimi."

"Nitaandika," nilisema.

Sikuandika. Ninaliweka hapa kwa sababu sitaki kulifunika. Siku ile, baada ya hofu, nilihisi kitu kingine kikinishukia kifuani, nacho kilikuwa nafuu. Kama anauliza kwa sababu ya maradhi, basi swali si swali. Nilikuwa na pa kujificha. Niliswali adhuhuri, nikamwombea uzima, na wakati ule ule nilikuwa nimejificha nyuma ya ugonjwa wake kama nilivyokuwa nyuma ya mlango wa nyanya.

Majira yakabadilika. Saa kumi alasiri taa za barabarani zilikuwa zimewaka, nami nikawa nasikia tarishi akipanda kabla hajafika. Nilizoea kuzipima bahasha kwa mkono kabla ya kuzifungua. Barua zilifupika. Mwandiko ukaacha kulala kulia, ukasimama wima, kisha ukaanza kuanguka kushoto. Alimsalimu mume wangu, aliyefariki kabla sisi hatujajuana. Barua moja ilianza kwa Kiswahili cha herufi za Kizungu na katikati ikageuka, ikaendelea kwa herufi za Kiarabu kutoka kulia, kama mtu aliyerudi njia aliyokuja. Ya mwisho ilikuwa ya herufi hizo tupu. Salamu, swali, na chini yake, badala ya jina lake, dali yenye dhumma na wau yenye fatha.

Niliikunja, nikaifungua, nikaikunja tena. Kila mstari ulikuwa sahihi isipokuwa ule wa sahihi.

Wiki ile binti yake alinipigia simu. Alikuwa amepata namba yangu kwenye kona ya bahasha. Kiswahili chake kilikuwa cha kusikia zaidi ya kusema.

"Anti, samahani. Mimi nasikia yote, kusema ndio shida. Baba anakuulizia. Kila siku anauliza, barua ya Bi Mwalimu imekuja? Kitabu kinataka kwenda kwa mpiga chapa, kimebaki hicho kipande kimoja. Wewe unaweza kuja kusoma alichoandika? Sisi hapa hatuwezi. Wewe sema tu neno ni lipi, mimi nitapiga taipu."

Sema tu neno ni lipi. Simu ilikuwa mkononi na neno "dua" lilikuwa tayari ulimini. Hakuna mtu mwingine London nzima ambaye angenipinga.

"Nitakuja mwenyewe kesho," nilisema.

Nilipanda treni Barking, nikabadilisha Baker Street, nikaketi na mkoba wenye daftari mapajani hadi Harrow. Mvua ilipiga madirisha njia nzima. Nimewafundisha wasichana wa watu juu ya dhambi ya kuficha ushahidi, nikawapa mifano, nikawauliza maswali, nikawapa alama. Njia nzima nilitafuta mfano mmoja ambao ungenitoa mimi. Sikuupata.

Binti yake alinipokea mlangoni, mwanamke wa makamo, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Alinivua koti kana kwamba mimi ni mama yake.

"Herufi za Kizungu zimemkimbia, Anti," alisema tukiwa ukumbini. "Kiingereza hasomi tena. Hizi za Kiarabu anasoma. Alifundishwa na jirani Mombasa, akiwa mdogo wa miaka sita. Zimebaki."

Alikuwa ameketi karibu na dirisha, shali magotini, amepungua. Aliniona akainuka nusu. "Bi Mwalimu," alisema kwa sauti kubwa ya kiziwi. "Umechelewa, chai imepoa." Nilifurahi mno kwamba amenijua. Kisha nikaona meza.

Zilikuwa karatasi kama mia. Mwanzoni nilidhani ni utenzi wetu anaunakili. Niliinua moja, nyingine, nyingine. Kila ukurasa, kutoka juu hadi chini, kulia hadi kushoto, ulikuwa na neno moja limerudiwa bila nafasi: dali na wau, dali na wau. Mahali pengine wino ulikuwa umetoboa karatasi.

"Anaandika tu," alisema binti yake nyuma yangu. "Tangu mwezi uliopita. Ni jina la mtu?"

"Hapana," nilisema.

Nilivuta kiti nikaketi mbele yake, nikachukua karatasi safi. Niliandika kwa herufi zile anazozisoma: nyanya nilimsikia mara moja, peke yake, akisema doa. Nikamsukumia.

Aliisoma kwa sauti, kidole kikitembea. "Nyanya nilimsikia mara moja, peke yake, akisema… dua." Akashusha pumzi. Mabega yake yalishuka pamoja nayo. "Basi. Hata akiwa peke yake. Hiyo ni hoja kubwa sana, Bi Mwalimu. Umenishinda."

Binti yake alitabasamu kwa kumwona ametulia. Nami nilikaa pale na kuona jinsi mlango ulivyojifungua wenyewe. Nilikuwa nimeandika kweli. Herufi ndizo zilizosoma uongo. Ningeweza kunywa chai, kuvaa koti, na hakuna ambaye angesema nimedanganya, hata mimi mwenyewe labda, baada ya muda. Sikuweza kumwambia kwa mdomo, hasikii. Sikuweza kumwandikia kwa Kizungu, hasomi. Neno lenyewe halikuwa na njia ya kumfikia.

Lakini lilikuwapo neno jingine. Nilirudisha karatasi na chini yake nikaandika: si dua. Ni aibu.

Aibu huandikwa kwa aini. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye herufi ile, ya kwanza, yenye kinywa wazi, kikatua juu yake.

"Hii hapa aini yetu," alisema polepole.

Kisha akainua macho, na macho yale yalikuwa yake ya zamani, ya barua za mwaka wa kwanza. "Nilikuuliza mara ngapi?"

Nikamwonyesha vidole sita.

"Nilidhani ulinijibu," alisema. "Nilidhani ulinijibu na mimi nimesahau. Nilizitafuta barua zako nyumba nzima."

Nilimwona binti yake akigeuza uso dirishani. Nilimshika mkono Bwana Daktari, mtu asiye wa dini yangu na asiye ndugu yangu, nikaushika hadi chai nyingine ilipoletwa. Alipomaliza kikombe chake akaniuliza kama aini imepatikana. Nikaitikia kwa kichwa kwamba imepatikana. Akaniuliza tena, nikaitikia tena.

Kabla sijaondoka nilimpa binti yake maneno ya kupiga taipu, moja moja, kwa herufi za Kizungu. Katika ubeti, neno lisimame kama lilivyo, kwa herufi zake za kale. Chini, katika tanbihi: mjukuu wa aliyezaliwa alilisikia kwa namna mbili, hadharani dua, faraghani doa. Aliuliza "aliyezaliwa" ni nani. Nilimwambia, naye akaacha kuandika kidogo, akasema, "Pole, Anti," akaendelea.

Kitabu kimetoka. Bwana Daktari yuko katika nyumba ya kulelea wazee. Ninakwenda kila Alhamisi, na wiki nyingine ananiita kwa jina la mkewe. Kutoka kwetu imekuja simu moja tu, ya binamu, aliyesema nimemvua nguo marehemu. Sikubishana naye. Ninamwomba Mungu amsitiri nyanya kwa sitara iliyo bora kuliko yangu, na ninashukuru kwamba nililisema nikiwa bado nina akili ya kulisema.

Kwa maana wiki iliyopita binti yangu aliitoa karatasi yangu ya mahitaji ya dukani kwenye mlango wa friji, akaisoma. Aliiweka mezani mbele yangu, akaenda kuvaa viatu vyake vya kazi. Unga, maziwa, sabuni. Mstari wa nne, kwa mwandiko wangu: dizi.

Nilichukua kalamu, nikaongeza n mbele yake. Kisha nikaleta daftari jipya, nikaanza kuandika haya.